Hilux 3.0 D-4D inatoa moshi mweusi, sensa ya hewa nimeshabadilisha mara mbili. Msaada wakuu

Mkulima wa Viazi, Jumatatu, saa 1:40 usiku

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Naombeni mawazo kabla sijaiuza hii gari kwa bei ya vyuma chakavu.

Ni Hilux ya 2009, hii tunayoiita Vigo, injini 1KD, manyuali, ilitokea Uingereza. Niko Makambako. Kazi yake kubwa ni kutoa viazi shambani, na mara mbili kwa mwezi nashuka nayo Dar na kurudi na mzigo wa duka. Tangu mwezi wa nne inatoa moshi mweusi. Siongelei ule wa asubuhi, gari inakohoa kidogo halafu basi. Hii hata ikiwa sailensa, yaani injini imetulia bila kukanyagwa mafuta, ekzosi inafuka, na ukikanyaga mafuta ghafla huko nyuma panakuwa usiku. Wiki iliyopita napanda Kitonga na mzigo, dereva wa Scania akanipita, akatoa mkono dirishani akawa anajipepea pua. Scania, wakuu. Imenipita mlimani.

Mpaka sasa nimebadilisha ea klina, nozo za kupulizia dizeli zimepimwa Iringa kwenye mashine nikaambiwa ziko sawa. Halafu fundi mmoja akachomoa plagi ya sensa ya hewa, hii ya kwenye bomba linalotoka kwenye boksi la ea klina, injini ikiwa inaunguruma. Moshi ukakata palepale. Akanigeukia: "Umeona? Eaflo imekufa." Nikanunua mpya Kariakoo, laki na tisini. Nikafunga, moshi uleule. Nikaambiwa nimeuziwa feki. Nikatafuta OG (orijino) ya mtumba iliyotolewa kwenye Hilux kama yangu. Moshi uleule.

Nikichomoa plagi moshi unaisha, ila gari inakuwa nzito kama inavuta trela na taa ya chek injini inawaka. Nikirudisha na kufuta kodi, zile namba za hitilafu, taa haiwaki tena na moshi unarudi. Kodi nyingine hakuna.

Ninacho kile kifaa kidogo cha bluututhi cha kusomea kwenye simu. Niambieni nisome nini.

Kijana wa Gerezani, saa 1:52 usiku

Ziba EGR mkuu, ile njia ya kurudisha moshi wa ekzosi kwenye injini, maisha yaendelee. Kibati tu na boliti mbili. Nimeziba za watu kibao, wote wananishukuru.

Fundi Kimya, saa 2:15 usiku

Usizibe kwanza. Naomba namba za sensa ya hewa, gramu kwa sekunde. Swichi ikiwa ON bila kuwasha injini, kisha sailensa ikiwa imeshapata joto, kisha resi 2,500 (mizunguko kwa dakika) ukiishikilia hapo. Niongezee na mgandamizo wa bomba la hewa swichi ikiwa ON tu, na joto la hewa.

Mkulima wa Viazi, saa 3:05 usiku

Nimesoma mkuu. Swichi ON: 2.9. Sailensa (750): inacheza 10.5 mpaka 11. Resi 2,500: kama 40. Mgandamizo kPa 83. Joto la hewa 19, na kweli leo huku kuna baridi.

Kijana wa Gerezani, saa 3:11 usiku

Sailensa 11 kwa lita 3 ni kawaida kabisa. Sensa nzima hiyo. Narudia, EGR.

Dizeli Nakuru, Jumanne, saa 12:30 asubuhi

Habari zenu kutoka Nakuru. Mimi nina pikapu ya Isuzu D-Max na nilipitia hayo hayo mwaka jana, wacha niwaambie.

Yangu ilikuwa mpira unaotoka tabo, ile inayosukuma hewa kwenye injini, kwenda intakula, kipoza hewa. Ukiutazama kwa juu ni mzima, unang'aa hata. Kumbe chini, upande ule huwezi kuona bila kulala chini ya gari, ulikuwa na mpasuko wa urefu wa kidole. Injini ikiwa imetulia mpasuko unajifunga. Ukikanyaga, tabo inasukuma, mpira unavimba na mpasuko unafunguka kama mdomo. Sasa hebu fikiria: hewa imepita kwenye sensa, imehesabiwa, kontroboksi, kompyuta ya injini, imeandika "hewa nyingi imeingia" na kutoa dizeli ya kutosha hewa hiyo. Lakini nusu ya hewa imetorokea njiani. Dizeli inafika, hewa haipo. Huo ndio moshi mweusi.

Fundi aliniuzia sensa pia. Ninayo bado kwenye droo. Angalia mipira yako kwanza, na kwenye Hilux intakula iko juu ya injini chini ya lile pua la boneti, kwa hiyo kazi si kubwa.

Mama Fuso, saa 2:20 asubuhi

Dizeli Nakuru kasema vizuri. Nami naongezea namna ya kupima bila kubahatisha. Chukua kizibo cha bomba la PVC kinachoenea kwenye mdomo wa mpira unaoingia tabo, toboa katikati, pachika valvu ya tairi ya tubeless. Funga kwa klempu, jaza upepo kidogo kidogo kwa pampu, usizidi baa moja. Halafu paka povu la sabuni kila maungio. Pakivuja utasikia kabla hujaona. Mimi na vijana wangu tunafanya hivyo kila Fuso ikianza kulalamika mlimani, na sijawahi kujuta.

Mkulima wa Viazi, Jumanne, saa 11:50 jioni

Nimeshinda nayo leo. Kizibo cha PVC nimetoboa kwa msumari wa moto, kimefanya kazi safi. Nimekuta klempu moja imelegea upande wa kutokea intakula, povu lilikuwa linachemka pale. Nimekaza. Nimeijaribu kwenye kilima cha kutokea shamba: nguvu zimeongezeka kidogo na moshi wa kukanyaga umepungua labda robo. Lakini sailensa bado inafuka vilevile. Jirani amenyanyua nguo zake kwenye kamba.

Baharia wa Tudor, saa 1:15 usiku

Ndugu yangu pole sana. Hiyo 1KD ina maradhi yake mengine, usiyapuuze: washa, vile vipete vya shaba chini ya nozo. Zikichoka, moto wa ndani ya silinda unapenya juu, unachafua oili, masizi yanakwenda kuziba chujio la oili kule chini kwenye sampu. Injini za namna hiyo zimekufa nyingi, hapa Mombasa nimeziona mbili kwa macho yangu. Ulipopimisha nozo, washa zilibadilishwa? Halafu kama kifaa chako kinaweza, soma marekebisho ya kila nozo ikiwa imetulia. Zikiwa ndani ya 3 juu au chini ya sifuri, ziache zipumzike.

Mkulima wa Viazi, saa 1:40 usiku

Washa zilibadilishwa zote nne, nilisimamia mwenyewe. Marekebisho: 0.4, -0.9, 1.1, -0.6.

Baharia wa Tudor, saa 1:44 usiku

Basi nozo tuziache. Alhamdulillahi, umeokoa pesa nyingi.

Mama Fuso, saa 2:30 usiku

Kuna jambo linanisumbua. Mpira uliopasuka hauwezi kutoa moshi sailensa. Ikiwa imetulia tabo haisukumi chochote cha maana, hakuna hewa ya kutoroka. Ile klempu ilikuwa kosa la kweli, lakini si kosa tunalolitafuta. Sailensa inafuka kwa sababu nyingine.

Kijana wa Gerezani, saa 2:33 usiku

E
G
R

Fundi Kimya, saa 4:10 usiku

Nimekuwa njiani, ndiyo nimefika. Samahani, naandika kwa kirefu kidogo, maana naona hapa watu wengi wanaifikiria dizeli kama petroli.

Kwenye petroli, sensa ya hewa ndiyo inayoamua kiasi cha mafuta moja kwa moja. Ikisoma chini, gari inakosa mafuta. Ikisoma juu, inazidishiwa. Kwenye dizeli unayoiendesha wewe, mafuta kwanza yanaamuliwa na mguu wako. Sensa ya hewa ina kazi mbili. Ya kwanza, kuweka kikomo: kontroboksi haitatoa dizeli kuzidi ile ambayo hewa iliyopimwa inaweza kuichoma. Ya pili, kuiongoza EGR, ule mlango unaorudisha moshi wa ekzosi ndani ya injini ili kupunguza joto la mwako.

Sasa jiulize: sensa ikisoma CHINI ya ukweli, kinatokea nini? Kikomo kinashuka, gari inakosa nguvu, EGR inafungwa. Gari inakuwa dhaifu lakini safi. Ndiyo hali yenyewe unayoipata ukichomoa plagi: kontroboksi inakosa taarifa, inafunga EGR na kubana mafuta ili kulinda injini. Kwa hiyo moshi kukata ulipochomoa plagi hakukuthibitisha kwamba sensa imekufa. Kulithibitisha kwamba taarifa inayopita kwenye ile plagi ndiyo inayoleta moshi. Hayo ni mambo mawili tofauti, na tofauti yake kwako imekuwa sensa mbili.

Sensa chafu, yenye vumbi na oili ya ea klina za kuosha, kwa kawaida husoma chini, hasa hewa ikiwa nyingi. Gari yako haina dalili hiyo. Yako ina dalili ya taarifa inayosoma JUU. Kontroboksi inaambiwa hewa ni nyingi kuliko iliyopo, inapandisha kikomo cha mafuta na kufungua EGR zaidi. Moshi juu ya moshi.

"Lakini sailensa inasoma 11, kawaida." Hapo ndipo penye mtego, na mimi mwenyewe niliwahi kunaswa nikabadilisha EGR nzima ya mteja bure. Sailensa, kontroboksi ina namba yake inayoitaka, tuseme 11. Ikiona 16, inafungua EGR. Moshi unaingia, unachukua nafasi ya hewa safi, namba inashuka. Inaendelea kufungua mpaka ione 11. Ikishaiona inatulia. Kwa hiyo unasoma namba ambayo kontroboksi imeitengeneza kwa mkono wake. Kama sensa inaongeza chumvi, hewa ya kweli inayoingia ni ndogo sana, lakini kioo cha simu kitakuonyesha 11 safi na utaondoka unafurahi.

Dawa ni kuinyang'anya mkono huo. Kata bati, hata la debe la mafuta ya kula, uliweke kwenye maungio ya EGR kwa muda wa kipimo tu. Washa, acha ipate joto, soma sailensa tena.

Kijana wa Gerezani, saa 4:18 usiku

Yaani maneno yote haya kufikia kuziba EGR 😂

Mkulima wa Viazi, Jumatano, saa 10:20 jioni

Nimekata debe la Korie, nimeziba. Matokeo:

Sailensa, 750: inasoma 27. Inacheza 26.8 mpaka 27.3.

Na moshi wa sailensa UMEISHA. Nikikanyaga kwa nguvu bado unatoka mweusi, ila sailensa safi. Jirani amerudisha nguo.

Kijana wa Gerezani, saa 10:22 jioni

Naomba heshima yangu kwenye huu uzi.

Fundi Kimya, saa 11:05 jioni

Heshima utaipata, ila kaa tupige hesabu kwanza.

Injini ni ya sentimita za ujazo 2,982, yaani lita 2.98. Ni ya mipigo minne, kwa hiyo kila mizunguko miwili inavuta ujazo wake mara moja. Resi 750 ni mivuto kamili 375 kwa dakika. 375 mara 2.98 ni lita 1,118 kwa dakika, yaani lita 18.6 kwa sekunde. Lita moja ya hewa ya Dar, kwenye joto la nyuzi 30, ina uzito wa gramu 1.16 hivi. Zidisha: gramu 21.6 kwa sekunde. Hicho ndicho kiasi cha juu kabisa injini hii inaweza kuvuta sailensa ikijaza silinda mpaka pomoni, na hakuna injini inayojaza mpaka pomoni. Tarajia 18 au 19.

Wewe unasoma 27. Injini yako inavuta hewa ambayo haina pa kuiweka.

Dizeli Nakuru, saa 11:31 jioni

Fundi, ongeza na hili: jamaa hayuko Dar. Makambako ni zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, ndiyo maana mgandamizo wake alisoma 83 na si 101. Sisi wa Nakuru tunajua, hewa yetu ni nyepesi. Kwa kPa 83 na nyuzi 19, lita moja ya hewa haifiki hata gramu moja. Kikomo chake ni kama 18.4, na cha kutarajia ni 15 au 16. 27 ni uongo mara mbili.

Fundi Kimya, saa 11:34 jioni

Asante sana, hapo umenishika. Nilipiga hesabu nikiwa nimekaa Temeke.

Mama Fuso, saa 12:10 jioni

Sasa ngojeni. Sensa ya kwanza iliyokuja na gari, sensa mpya ya Kariakoo, sensa ya mtumba. Tatu, zimetoka sehemu tatu, na zote zinadanganya uongo mmoja kwa kiasi kilekile? Mashahidi watatu wasiofahamiana wakisema uongo unaofanana neno kwa neno, mimi simtafuti shahidi wa nne. Namtafuta aliyewafundisha.

Na hakuna aliyerudi kwenye namba ya kwanza kabisa. Jumatatu usiku Mkulima aliandika swichi ON, injini imezimwa: 2.9. Hewa imesimama. Ilitakiwa isome karibu na sifuri, chini ya 1 kwa vyovyote. Tumeiruka wote, na mimi nimo.

Fundi Kimya, saa 12:25 jioni

Mama, nimeiomba ile namba mwenyewe halafu nikaipita kama siioni. Nilikwenda moja kwa moja kwenye 11.

Kama sensa tatu zinakubaliana, basi tuache sensa tushike waya. Mkulima, una multimita?

Mkulima wa Viazi, saa 12:40 jioni

Ninayo ya elfu kumi na tano, ya njano.

Fundi Kimya, saa 1:20 usiku

Inatosha.

Ile plagi ina waya tano. Mmoja ni umeme wa betri. Mmoja ni ethi ya sensa, yaani waya wa hasi. Mmoja ni wa taarifa, unaobeba volti kwenda kontroboksi. Miwili iliyobaki ni ya kipimo cha joto la hewa, nayo ina ethi yake nyingine; ndiyo maana joto linasoma sawasawa na kukupumbaza kwamba plagi nzima iko salama. Usikisie kwa rangi, tafuta mchoro wa waya wa gari yako.

Sensa hii inafanya kazi kwa kujipasha moto. Kadiri hewa inavyopita na kuipoza, inavuta umeme zaidi ili ibaki na joto lake. Umeme wote huo unarudi kwa ule waya wa ethi. Kama ethi ina kutu au maungio mabovu, umeme unapata shida kupita na waya unabaki na volti kidogo zilizokwama. Sasa sensa imesimama juu ya kigoda. Inapima vizuri kabisa, lakini kontroboksi inapima urefu wake kuanzia sakafuni, kigoda nacho kinahesabiwa. Na kwa kuwa volti za sensa hii na gramu haziendi sambamba, kigoda kidogo cha volti kinakuwa gramu nyingi.

Fanya hivi. Plagi iache imechomekwa kwenye sensa. Chukua sindano ya cherehani, ipenyeze kwa nyuma ya plagi kwenye waya wa ethi mpaka iguse chuma. Usitoboe ngozi ya waya. Mita iwe kwenye volti DC. Waya mwekundu wa mita kwenye sindano, mweusi kwenye pini ya hasi ya betri yenyewe. Bodi ya gari usiitumie. Washa injini. Isizidi 0.1. Nzuri huwa 0.05 kushuka chini. Kisha pima na umeme wa betri unaofika pale, usipungue sana kuliko wa betri yenyewe.

Ukipata kubwa, usinunue kitu. Fuata waya.

Mkulima wa Viazi, Alhamisi, saa 3:45 asubuhi

0.37

Umeme wa betri uko sawa, 13.9 injini ikiwaka.

Naufuata waya.

Baharia wa Tudor, saa 3:50 asubuhi

Eh! Twende kazi.

Mkulima wa Viazi, saa 8:15 mchana

Wakuu. Nimekaa chini nimecheka peke yangu, mke wangu katoka nje kuja kuangalia.

Nimefungua ule mfuko wa waya unaotoka kwenye sensa kuelekea ukutani mwa chumba cha injini. Kama sentimita 40 kutoka kwenye plagi nimekuta tepu nyeusi isiyofanana na ya kiwandani, imelegea, ina mavumbi. Nimeibandua. Ndani kuna waya mbili zimewahi kukatwa na kusokotwa kwa mkono tu, kama unafunga mfuko wa sukari. Hakuna risasi ya kuchomea waya, hakuna chochote. Mmoja ni wa umeme, umesokotwa vizuri. Mwingine ni wa ethi: umebaki na nyuzi tatu au nne za shaba, nyingine zimegeuka unga wa kijani. Nimezigusa, zimekatika.

Na waya za jirani yake zina alama za meno.

Nikakumbuka. Mwaka jana baada ya mavuno niliiegesha miezi miwili kwenye ghala la mahindi. Iligoma kuwaka, nikamwita kijana wa umeme, akakuta panya wametafuna waya, akaunga, ikawaka, nikamlipa nikamshukuru. Ilienda vizuri kabisa mpaka mvua za masika. Mwezi wa nne.

Mama Fuso, saa 8:22 mchana

Panya wa mahindi! Na kijana wa watu wa Kariakoo tumemwita mwizi siku nne.

Fundi Kimya, saa 8:40 mchana

Kata mpaka ufikie shaba inayong'aa pande zote mbili, utapoteza sentimita kadhaa kwa hiyo uwe na kipande cha waya wa unene uleule. Choma kwa risasi, vika mpira wa kusinyaa kwa joto, na tepu juu yake. Waya wa pili uliosokotwa nao urudie hata kama unaonekana mzima.

Dizeli Nakuru, saa 9:02 alasiri

Hapo kwenye risasi tutofautiane kidogo. Kwenye injini ya dizeli inayotetemeka, risasi hufanya waya kuwa mgumu pale mwisho wake na baadaye hukatika hapo hapo. Mimi natumia bomba la kubana, lile lenye gundi ndani.

Fundi Kimya, saa 9:10 alasiri

Ukiwa na koleo sahihi la kubania, nakubali. Akibana kwa plaizi atarudi hapa baada ya masika mengine. Makambako koleo hilo lipo?

Mkulima wa Viazi, saa 9:14 alasiri

Halipo. Iko pasi ya risasi ya fundi redio.

Fundi Kimya, saa 9:15 alasiri

Basi risasi, na uifunge waya isicheze.

Mkulima wa Viazi, Alhamisi, saa 12:05 jioni

Taarifa. Fundi redio amechoma, mimi nimeshika tochi.

Volti kwenye ethi: 0.03.
Swichi ON, injini imezimwa: 0.3.
Sailensa, EGR bado imezibwa na debe: 15.9.

Nikatoa debe. Sailensa sasa inasoma 10.8, ileile ya Jumatatu, ila hakuna moshi. Namba ileile kabisa na gari mbili tofauti. Hii ya mtego nimeielewa leo kwa macho.

Nimepanda nayo kilima cha shamba na magunia kumi ya viazi. Kwenye kioo cha nyuma nimeona barabara. Nilikuwa nimesahau kwamba kuna barabara kule nyuma.

Nimerudisha na ile sensa yangu ya kwanza, iliyokuja na gari. Niliisafisha kwa ile spray maalumu ya sensa, nikaiacha ikauke, bila kuigusa kwa pamba wala kidole. Inasoma kama hizo nyingine. Ilikuwa nzima siku zote.

Kijana wa Gerezani, saa 12:11 jioni

Hongera mkuu. Ila EGR ningeziba tu 😂

Baharia wa Tudor, saa 12:30 jioni

Mashallah. Na paka nunua.

Mkulima wa Viazi, saa 12:48 jioni

Paka nimeshaomba mmoja kwa jirani mwenye nguo. Sasa nina sensa mbili za ziada, mpya ya Kariakoo na OG ya mtumba. Nauza moja, laki na ishirini, nitatuma kwa basi.

Prado Bukoba, saa 2:17 usiku

Wakuu nimekuta uzi huu kwa bahati. Mimi nina Prado ya 1KD, moshi mweusi huo huo mwezi wa pili sasa, fundi amesema eaflo. Mkulima naomba namba ya kulipia, nitume hela leo leo.

Mkulima wa Viazi, saa 2:20 usiku

Mkuu weka hela mfukoni kwanza. Nenda kwenye gari, washa swichi, injini usiwashe. Inasoma ngapi?